Wembe wa Matanga

Bugarama, Ngara
11 Februari 1979

Kwa mwanangu Leonidas, huko vitani uliko.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumwita katekista wala mtoto wa shule. Cheti changu cha elimu ya watu wazima kiko ukutani, na mwalimu alisema mbele ya watu kwamba katika wazee wa kijiji hiki hakuna aliyezikamata herufi haraka kama mimi. Wengine wanaandika majina yao kama kuku aliyepita kwenye unga.

Hapa tu wazima. Mke wako Deodata mzima. Mtoto wako Ernesta anatembea, ila kichwa chake kimejaa mapunye, ukimgusa analia. Mdogo wako Modestus yupo, anakula. Kuhusu kazi zake sisemi.

Sasa wembe. Tangu uingie mgambo ukaondoka na lile lori, kila Jumamosi naushusha kutoka juu ya jiko, naufungua, naufuta, naupaka samli, naufunga kwenye kitambaa chake cha gome la mti. Unang'aa. Nakuambia ili ujue kitu chako kiko salama, maana wewe ndiye mkubwa na ni wako nikimaliza. Chuma kile ni cha Mjerumani. Bruda wa misheni alimpa babu yako kwa kuwa katika nchi nzima hii ni babu yako peke yake aliyemnyoa bila kumtoa damu, na Bruda yule alikuwa na shingo ya kobe, mikunjo mitupu. Tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo wetu aliyetoka msibani bila wembe huu kupita kichwani mwake. Mwaka wa sabini na nne walipotuhamishia kijijini, lori lilibeba mlango wangu na vyungu vya mama yako. Mimi nikabeba wembe. Mlango ulipotea.

Mke wako alikuja kuuazima. Anasema dukani nyembe hazipo tangu vita ianze, anataka kumnyoa mtoto apake dawa ya mapunye. Nikamwambia mama, wewe umetoka kwa watu gani? Wembe wa matanga ukipita kwenye kichwa cha mtu asiye na msiba, unakwenda kumtafutia msiba wake. Akasema samahani Mzee. Nikamsamehe.

Na usisahau niliyokuambia. Siku baba yako mkubwa Ansbert alipofia Uganda kwenye mashamba ya pamba, hakuna aliyetuletea habari. Babu yako aliufungua wembe akakuta kutu, ndogo kama punje ya ulezi. Akasema Ansbert amekwenda. Miezi ilipita, watu wakaja kuthibitisha. Ndipo wembe ukaja kwangu. Kwa hiyo ukiwa huko usihangaike kutuma barua kila wakati. Nikitaka kujua habari zako nafungua gome.

Piga vita vizuri. Ukiogopa, usionekane.

Baba yako,
Idefonsi Habimana


Mahali nisiporuhusiwa kutaja
20 Machi 1979

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Matope tu ndiyo yananisumbua, na miguu. Barua hii nampa dereva anayeshuka Bukoba, sijui itakufikia lini.

Mzee, hapa tunanyolewa kwa kipande kimoja cha wembe watu kumi, na anayenyoa alikuwa fundi baiskeli. Ningekuwa na wembe wako ningekuwa jenerali. Ninatania.

Baba, mwambie Deodata achemshe majani amwoshe mtoto kichwa mpaka nyembe zipatikane. Nikipata huku nitaleta.

Tunasogea mbele. Ukikaa muda mrefu bila kusikia kutoka kwangu, usianze kufikiri. Nakujua.

Mwanao,
Leonidas


Bugarama
4 Mei 1979

Kwa binti yangu Febronia, Runazi, Biharamulo.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama mume wako ndiye anayekusomea, akae naye.

Kaka yako Leonidas hatunaye.

Jumamosi moja mwezi uliopita niliushusha wembe ili niupake samli. Nikaufungua. Karibu na mpini kulikuwa na kutu. Nyekundu, pana kama ukucha. Nilikaa nao magotini mpaka chai ikapoa. Nilimuuliza Modestus kama aliugusa, akaapa. Nikamwonyesha Deodata, akatazama chini, machozi yakamtoka. Nikajua moyo wake ulishamwambia.

Barua ya Leonidas hatujapata tangu Krismasi. Vijana wengine wa hapa wameandika. Mwenyekiti wa kijiji akaja kuniambia, "Mzee Habimana, subiri taarifa ya serikali." Nikamwambia serikali yako haijaniletea hata sukari, ndiyo italeta maiti? Padre naye akatuma mtu kunizuia. Padre ana maji yake, mimi nina wembe wangu.

Maiti hakuna, kwa hiyo tulifanya kama wazee walivyofanya kwa mtu aliyepotelea safarini. Tulizika mgomba. Nilimtuma Modestus alete kigogo kilichokatwa, akaleta pamoja na tunguu lake na mizizi yake, mvivu hata wa kukata. Nikasema basi, umeshafika, ushushwe. Tukaufunika shuka ya Leonidas, tukaulaza kichwa upande wa nyumbani.

Kutu niliitoa kwa jivu na kinoo, kisha nikanyoa ukoo mzima peke yangu. Wazee, wanawake, watoto. Hakuna aliyetoka damu, uulize. Deodata alikwepesha kichwa mpaka nikamshika kidevu. Nilipomwambia alete Ernesta, akasema mtoto hana nywele za kunyoa, zimetoka kwa ugonjwa. Nikapitisha wembe hivyohivyo, ili ahesabiwe.

Nawe nyoa huko huko, kwa wembe wowote, kwa kuwa uko kwa watu wengine. Wembe wetu sasa utakwenda kwa Modestus. Namfundisha kunoa. Anaunoa kama anachonga mwiko.

Mimi silii. Nimewanyoa watu wengi mno.

Baba yako,
Idefonsi Habimana


Runazi
17 Juni 1979

Shikamoo Baba,

Sijui nianze wapi. Barua yako niliipata, nikanyoa, nikalia, majirani wakaja kukaa nami. Juzi mchana nilikuwa napeta maharage nje, nikaona mtu anakuja anachechemea, ana begi la jeshi. Nikadhani ni mtu wa kuuliza njia.

Baba, ni Leonidas. Yupo hapa kwangu. Aliumia mguu, akalazwa, wamemruhusu. Lori lilimshusha Biharamulo, akaja kulala kwangu kabla ya kuendelea Ngara. Barua zake anasema aliandika, hajui ziliishia wapi.

Aliponiona kichwa akacheka. Akasema, "Dada, na wewe umeandikishwa jeshini?" Kisha akaona sicheki. Akauliza, "Nani amekufa?" Nilimpa barua yako akaisoma mwenyewe, amesimama. Alipomaliza akaniomba maji.

Leo alitaka kuondoka. Nimemshika nguo. Najua Mzee kwamba mtu ambaye ukoo umeshamnyolea matanga haingii tu mlangoni kama mtu aliyetoka sokoni. Mama mkwe wangu hapa naye amemwekea sahani yake peke yake, na hataki akae karibu na mahindi ya mbegu. Tuambie lifanyike nini. Kama ni kondoo, mume wangu atatoa.

Mwanao,
Febronia


Bugarama
29 Juni 1979

Febronia,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili, si kwamba sikuielewa.

Unaniambia wembe wangu umekosea. Wembe huu ulimnyoa babu yangu. Uliwanyoa watu wa njaa ile kubwa, uliwanyoa watu wa ndui. Haujanyoa bure hata siku moja. Sasa wewe uliyeolewa Runazi unaniambia umenyoa bure.

Mtazame huyo mtu unayemlisha. Mpe chakula chenye chumvi uone kama atakula. Mwulize jina la mbwa wetu aliyekufa kule kijiji cha zamani. Watu wengi wamekufa kwenye vita ile, na wengine hawajui kwamba wamekufa, wanatembea tu wakitafuta nyumba.

Kuna jambo jingine, sikutaka kuliandika. Lile kaburi limetoa chipukizi. Nililikata kwa panga, kesho yake limesimama tena, limekunja jani lake kama kidole. Nalikata kila asubuhi. Majirani wameacha kupita njia ile kwenda kisimani. Deodata hukaa mlangoni ananitazama nikikata, amekonda.

Mwambie huyo mtu asivuke kuja Ngara. Akija, mimi sitafungua.

Idefonsi Habimana


Runazi
15 Julai 1979

Shikamoo Baba,

Ni mimi, Leonidas. Mbwa aliitwa Simba, na hakufa, wewe ulimpa Mrundi mmoja kwa mtungi wa pombe ukatuambia amekufa. Chumvi nakula.

Modestus amefika hapa na gunia la maharage. Aliponiona alitaka kukimbia, nikamkamata shati. Tulikaa. Akaniambia jambo ambalo Deodata alimtuma alifikishe kwa Febronia, maana kwako anaogopa kulisema.

Baba, Deodata aliuchukua wembe. Ulikuwa umekwenda kwenye mkutano wa kijiji. Mtoto alikuwa hana usingizi kwa mapunye, kichwa kinatoa maji, na dukani hakuna wembe hata mmoja. Alimnyoa, akauosha wembe, akakusikia wewe unakohoa njiani, akaukunja na maji yake akaurudisha kwenye gome. Kutu yako ni hiyo. Ni maji, Mzee. Ulipomwonyesha ile kutu alilia kwa hofu yako. Kisha ukamwambia mume wake amekufa, naye akaamini, kwa sababu unayajua mambo haya kuliko yeye. Alidhani ameniua yeye.

Simlaumu, na wewe usimguse. Nimetoka mahali ambako niliona watu wamekufa kwelikweli, najua tofauti. Nataka kwenda kwangu. Nataka kumbeba mtoto wangu. Ng'oa huo mgomba uwape mbuzi, yaishe.

Mwanao, mzima,
Leonidas


Bugarama
30 Julai 1979

Leonidas,

Marahaba. Barua yako ya Machi nayo imeletwa juzi, posta waliilalia. Nimeziweka pamoja. Mwandiko ni mmoja. Habari ya mbwa hakuna mtu wa nje anayeijua ila yule Mrundi, naye yuko Burundi. Basi wewe ni wewe.

Nilimwita Deodata. Sikumpiga, unaweza kumwuliza. Alisema yote. Nilimuuliza swali moja tu, "Ulipomnyoa mtoto, kulikuwa na msiba nyumbani?" Akasema, "Hapana, Mzee."

Wewe unadhani umenifungulia kesi na kuimaliza. Fikiri. Ulisoma kwa mapadri, lakini ulizaliwa hapa. Wembe ulipita kwenye kichwa cha Ernesta bila msiba. Kwa hiyo umetumwa. Msiba wa mtoto mdogo ni wa nani? Ni wa baba yake, au wa mama yake, au wa babu yake. Wengine hawahesabiwi. Na mimi juu ya hayo nikachimba kaburi, nikalaza mgomba, nikanyoa ukoo mzima, ukoo ukala chakula cha kumaliza matanga. Kila kitu kimefanyika isipokuwa mtu. Ndiyo maana lile chipukizi halikubali kukatwa. Linauliza yuko wapi.

Ukipita mlango huu sasa, matanga yatakuwa yako. Usicheke. Najua huko Runazi unacheka.

Iko njia. Njoo mpaka kwenye kaburi, usifike mlangoni. Nitakuja hapo na kigoda. Utachukua wembe mkononi mwangu na kuninyoa. Kichwa chote. Mrithi akimnyoa anayemrithisha, msiba umepata jina lake, na wembe haumtafuti mwingine. Unajua maana yake, usijifanye hujui. Mimi ni mzee, kifua kinanibana tangu mvua za mwaka jana, na nimekula vya kutosha. Mtu mwingine angetetemeka. Mimi nimekwisha kunoa.

Usipokuja kwa njia hiyo, kaa huko. Wembe nitampa Modestus, nao utachagua wenyewe kati ya watatu.

Baba yako,
Idefonsi Habimana


Runazi
12 Agosti 1979

Baba, shikamoo.

Siwezi. Umenilea mwenyewe mama alipofariki, ukanifundisha kunyoa ndevu kwa kipande cha chupa ili nisiuguse wembe huo. Sasa unataka nikunyoe matanga ukiwa hai, kisha nikae na wewe nikitazama.

Padre wa hapa nimemweleza, akaniambia nikubembeleze. Nakubembeleza. Twende wote hospitali wakutazame hicho kifua. Ng'ombe mmoja nitauza.

Mguu ukipata nafuu kidogo nakuja, na nitaingia kwa mlango. Wembe nitautupa chooni, na iwe mwisho.

Mwanao,
Leonidas


Bugarama
21 Agosti 1979

Leonidas,

Ernesta ana homa tangu Jumapili. Jana alistuka mwili mzima, macho yakageuka. Deodata amembeba zahanati.

Sikuandika hili ili kukutisha. Mimi mwenyewe sikutegemea kwamba wembe utaanza na mdogo.

Njoo.

Idefonsi Habimana


Bugarama
3 Septemba 1979

Binti yangu Febronia,

Kaka yako alifika. Namshukuru mume wako kwa nauli na kwa kumsindikiza mpaka Ngara mjini.

Nakuandikia mimi kabla hajakuandikia yeye, kwa sababu yeye atalia ndani ya barua na hutaelewa jambo lilivyokwenda.

Alikuja asubuhi, nikamwona kwa mbali kwa kuchechemea kwake. Nilikuwa nimekaa pale kaburini kwenye kigoda tangu jua linatoka. Watu walisimama kule kwenye migomba ya jirani, hakuna aliyesogea. Mwenyekiti naye alikuwepo, ameshika kofia. Leonidas akapiga goti akaniamkia. Nikamwitikia. Nikamwona anatazama mlango wa nyumba. Deodata alikuwa ndani na mtoto, nilimkataza asitoke.

Nikampa wembe. Akasema, "Mzee, siwezi."

Nikamwambia, "Huko ulikotoka uliweza."

Akasema, "Kule hawakuwa baba yangu."

Nikamwambia, "Basi huyu ni baba yako, kazi ni nyepesi, hana risasi." Wale kwenye migomba walisikia, mmoja akacheka, akazibwa mdomo. Leonidas hakucheka. Akasema, "Baba, mtoto atapona kwa dawa. Tumngoje tuone." Nikamuuliza tungoje mpaka lini, na tukiona vibaya tutamwambia nini Deodata. Mtoto akaanza kulia ndani ya nyumba, kile kilio chembamba cha mtu aliyechoka. Leonidas akafungua wembe.

Nakuambia kweli, mkono wake si mbaya. Alianzia paji la uso kama inavyotakiwa. Alinikata mara moja tu nyuma ya sikio, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji, na nilimwambia afute kwanza. Nywele alizikusanya zote, hakuna iliyopotea, tukazifukia pale pale. Kisha nikasimama nikamfungulia mlango mimi mwenyewe. Akaingia. Nilisikia Deodata akitaja jina lake.

Chipukizi nimeacha kulikata.

Homa ya mtoto ilishuka siku ya pili. Mganga wa zahanati anasema ni klorokwini. Mwache aseme, ndiyo kazi aliyosomea. Alitaka kunipima na mimi kifua, nikamwambia apime wenye muda. Leonidas amekasirika kwa hilo, haongei nami asubuhi, jioni ananiletea uji na kukaa karibu na mguu wangu kama alipokuwa mdogo. Kila nikikohoa anainua kichwa. Naona anavyonitazama kichwa hiki kilivyo cheupe. Nimemkataza kunitazama hivyo, hasikii, amerithi ubishi sijui wa nani.

Watu wanasema Mzee Habimana alikosea. Wakija kukuambia huko Runazi, wajibu. Sikukosea. Nilinyoa mapema.

Njoo ukipata lori. Lia huko kwanza, ukifika hapa uwe umekwisha. Ukinikuta tutakula. Usiponikuta, watu wasinyolewe tena, hiyo kazi tulishaifanya mwezi wa Mei, na chakula kililiwa.

Wembe sasa ni wa Leonidas. Nilimwambia asiutupe chooni. Mpaka leo hajautupa. Jana nilimwona anaukausha, akaacha maji kwenye kiungo, pale pale penye shida. Nikamrudisha. Akakausha tena, akaacha tena. Nimemwambia nataka nimwone akikausha vizuri mara moja tu, halafu niende zangu, sitamsumbua. Nadhani amenielewa, kwa sababu leo ameukausha vibaya kuliko jana.

Wasalimie watoto.

Baba yako,
Idefonsi Habimana,
leo bado nipo